Siku Moja Juu ya Baiskeli: Safari ya Mtu Peke Yake Chini ya Milima ya Uluguru

Historia ya usafiri katika bara la Tanganyika imezoeleka kugawanywa katika zama tatu, yaani zama za misafara ya wapagazi, zama za reli na zama za magari, na mgawanyo huo, ingawa ni sahihi kwa jumla, unaacha nje mashine moja ambayo haikuhitaji kituo, ratiba, mafuta wala dereva wa kuajiriwa. Baiskeli hutajwa katika vitabu vingi kama mali ya karani au ya mwalimu, na habari zake huishia hapo. Katika ukanda wa chini ya milima ya Uluguru, kuanzia mji wa Morogoro hadi Mzumbe, Mlali na mwanzo wa tambarare ya Mkata, mashine hiyo inastahili sura yake yenyewe, kwa sababu ndiyo iliyomwezesha mtu wa kawaida kufanya jambo ambalo babu yake hakuweza kulifanya: kuondoka kwake alfajiri akiwa peke yake, kwenda na kurudi umbali ambao msafara ungeutembea kwa siku mbili au tatu, kumaliza shughuli iliyompeleka, na kulala nyumbani usiku uleule.

Mzumbe iko kusini-magharibi mwa mji wa Morogoro, umbali wa kilomita zisizopungua 20, kando ya barabara kuu iendayo Iringa, na kwa mipaka ya sasa imo katika Wilaya ya Mvomero. Anayetoka mjini huanzia Msamvu, njia panda inayotenganisha barabara ya Dodoma na ile ya Iringa, kisha hupita karibu na bwawa la Mindu linalokusanya maji ya mto Ngerengere kwa matumizi ya mji, na muda wote huo safu ya Uluguru huwa mkono wake wa kushoto, ikipanda kutoka nchi yenye mwinuko wa takriban mita 500 hadi vilele vinavyozidi mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Katika eneo la Mzumbe na Sangasanga njia hugawanyika: barabara kuu huendelea Melela, Doma na Mikumi, na tawi lake huelekea Mlali, ambako kutoka hapo hupanda Mgeta kwa kona nyingi na mteremko mkali. Upande huu wa magharibi hupata mvua chache kuliko upande wa mashariki wa Matombo na Kinole, ambao hupokea moja kwa moja pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Kwa hiyo njia za Mzumbe hukauka mapema baada ya masika, jambo dogo kwa mtembea kwa miguu lakini kubwa mno kwa anayeendesha magurudumu mawili membamba.

Kabla ya reli, nchi hii ilivukwa na misafara. Njia kuu kutoka Bagamoyo iliingia Simbamwene, mji wenye ngome ulioanzishwa na Kisabengo karibu na mahali ulipo mji wa Morogoro wa leo, kisha ikashuka Mkata kuelekea Usagara. Wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke walipita upande mwingine wa milima mwaka 1857, kwa njia ya Zungomero, ila mpelelezi mwingine, Stanley, alipita Simbamwene mwaka 1871 wakati wa masika, akaonja taabu ya kuvuka tambarare ya Mkata iliyojaa maji na tope. Mpagazi, yaani mbeba mizigo wa kulipwa, alichukua kichwani au begani mzigo wa frasila mbili hivi, kila frasila ikiwa na uzito wa takriban kilo 16, na msafara uliongozwa na kirangozi, mtu aliyetangulia mbele na kuamua mwendo na mahali pa kupiga kambi. Mwendo wa siku ulianza kabla jua halijachomoza na kukoma kabla ya joto la adhuhuri, na kwa kawaida haukuzidi kilomita 15 hadi 20. La muhimu zaidi kwa hoja ya makala haya ni kwamba safari ilikuwa ya kundi. Hongo, yaani ushuru uliotozwa na watawala wa njiani, ilihitaji msemaji na bidhaa za kulipia. Wanyama wakali walihitaji moto wa kambi. Na katika nchi ambako watekaji wa watumwa walikuwa wakizunguka, mtu aliyeonekana njiani peke yake, mbali na ndugu zake, alikuwa hatarini kupoteza uhuru wake.

Wala hapakuwa na mnyama wa kupunguza taabu hiyo. Sehemu kubwa ya nchi ya chini, hasa kuelekea Mkata na Mikumi, ilikuwa makazi ya ndorobo, inzi anayeeneza ugonjwa wa malale kwa watu na nagana kwa mifugo, hivyo farasi, na mara nyingi hata punda, hawakudumu. Ushahidi mkubwa wa jambo hilo ulitolewa na Vita Kuu ya Kwanza: Agosti 1916 wapanda farasi wa Afrika Kusini walifika Mlali wakati majeshi ya Kijerumani ya von Lettow-Vorbeck yakirudi nyuma kuelekea kusini, mji wa Morogoro ukatwaliwa tarehe 26 ya mwezi huohuo, na katika kampeni hiyo farasi walikufa kwa maelfu. Kwa maneno mengine, mkazi wa nchi hii hakuwahi kuwa na kitu cha kupanda. Ulaya ilipata baiskeli ikiwa na farasi tayari, na huko ilichukua sehemu ya kazi ya mnyama. Chini ya Uluguru ilikuja kuchukua kazi ya miguu na kichwa, na ndiyo maana mabadiliko iliyoyaleta hayapimiki kwa kipimo cha Ulaya.

Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Morogoro Desemba 1907, na misafara ya sehemu hii ikafa haraka. Lakini reli ilipita kaskazini mwa milima, kuelekea Kilosa, na vijiji vya Mzumbe na Mlali vilibaki pembeni yake, kwa hiyo mtu wa huko aliendelea kutembea hadi kituo cha treni kama alivyokuwa akitembea hadi kambi ya msafara. Baiskeli yenyewe ilikuwa tayari imekamilika kiufundi: umbo la magurudumu mawili yaliyo sawa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma lilianza kuuzwa na John Kemp Starley wa Coventry mwaka 1885, na mpira wa baiskeli wa kujazwa upepo ulibuniwa na John Boyd Dunlop mwaka 1888. Zama za Wajerumani mashine hiyo ilikuwa mikononi mwa maofisa, wamisionari na wafanyabiashara wachache. Ilienea chini ya utawala wa Waingereza, na iliingia vijijini kwa milango miwili tofauti.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa ofisi. Serikali ya kikoloni iliendesha vijiji kwa kupitia machifu, na machifu walihitaji makarani, matarishi, wakusanya kodi na mabwana shamba, watu ambao kazi yao haikufanyika mezani. Karani aliyetakiwa kupeleka daftari la kodi, au tarishi aliyebeba barua ya bomani, alipewa posho ya baiskeli au mkopo wa kuinunua, na wamisionari nao waliwapa makatekista wao mashine hizo ili wafike katika vigango vya mbali. Mzumbe ina nafasi ya pekee katika habari hii, kwa kuwa mwaka 1953 Waingereza walifungua hapo shule ya serikali za mitaa ya kuwafundisha machifu, makarani na watumishi wa mamlaka za wenyeji. Shule hiyo mwaka 1972 iliunganishwa na taasisi ya utawala wa umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, ambacho wengi walikijua kwa herufi za IDM, na mwaka 2001 ikawa Chuo Kikuu Mzumbe. Darasani walifundishwa hesabu za hazina na taratibu za baraza. Lakini utawala waliofundishwa ulitegemea, kila siku ya kazi, mtu mmoja juu ya tandiko akizunguka vijiji. Wanahistoria wa utawala wameandika mengi juu ya sera na kidogo sana juu ya chombo kilichozifikisha, na upungufu huo si mdogo.

Mlango wa pili ulikuwa wa fedha taslimu. Mashamba ya mkonge yaliyozunguka Morogoro na Kilosa yalilipa mishahara midogo, lakini ililipwa kwa fedha, na bei ya mkonge ilipopanda sana wakati wa vita vya Korea, miaka ya mwanzo ya 1950, biashara ya maduka ya Wahindi mjini ilichangamka. Baiskeli ya Raleigh ya Nottingham, nzito na nyeusi, yenye breki za vyuma badala ya waya, ilining'inia dukani kama lengo la akiba ya miezi mingi. Umiliki wake ulikuwa na maana ya kijamii inayohitaji kuelezwa. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na ardhi ya mlimani ilikuwa chini ya lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama wenye kiongozi wake na mashamba yake, hivyo kijana alitumia shamba kwa haki aliyoipata kwa mama yake au kwa mke wake. Baiskeli haikutoka kwa lukolo. Ilinunuliwa kwa fedha ya jasho la mtu binafsi, ikamwezesha kufanya shughuli zisizohitaji ruhusa ya mjomba, na kwa vijana wengi wa wakati huo ilikuwa mali ya kwanza ya thamani waliyoweza kuiita yao wenyewe bila mashaka.

Kwa kipimo cha leo mashine hiyo ilikuwa duni. Ilikuwa na uzito wa kilo 20 hivi, haikuwa na gia, na magurudumu yake makubwa yalipita vizuri juu ya mawe madogo na mashimo lakini yalikataa mlima. Mtu anayetembea huenda kilomita nne au tano kwa saa. Juu ya baiskeli, akiwa na mzigo wa wastani na njia kavu, huenda kilomita kumi au zaidi, kwa jasho lilelile. Hesabu hiyo ndiyo iliyoizaa safari ya siku moja. Mtu wa Mzumbe aliyetoka saa kumi na moja alfajiri aliifunga suruali yake kwa kamba kwenye kifundo cha mguu ili isiliwe na cheni, akatia tone la mafuta ya cherehani kwenye ekseli, akafunga pampu kwenye fremu, na chini ya tandiko akaweka kikopo chenye solusheni, yaani gundi ya mpira, pamoja na kipande cha msasa na vipande vya tyubu kuukuu. Kwa kuwa milima iko mashariki mwa njia, jua huchelewa kuifikia barabara, na msafiri hupata muda mrefu wa kivuli na ubaridi ambao mtu wa upande wa Kinole hana. Alifika mjini asubuhi, maduka na ofisi zikiwa zinafunguliwa, akamaliza shughuli zake, akapumzika wakati wa joto kali chini ya mwembe, na alasiri akarudi huku jua la magharibi likiangaza miteremko yote ya Uluguru, kuanzia mashamba ya chini hadi msitu ulio chini ya uwanda wa Lukwangule. Uzuri wa nchi hiyo hautajwi katika taarifa za maofisa, waliohesabu kilomita na kodi, lakini hakuna sababu ya kudhani kwamba waliopita humo kila wiki kwa miaka thelathini hawakuuona.

Upweke wa safari hiyo ulikuwa wa njiani tu. Mtu aliyejulikana kuwa anakwenda mjini kesho alipata wageni jioni: mmoja akimpa barua ya kutia posta, mwingine fedha za dawa, mwingine ujumbe kwa ndugu anayefanya kazi kwenye reli, na aliporudi alitarajiwa kusimulia habari alizozisikia. Wakati wa kudai uhuru, baada ya chama cha TANU kuanzishwa Julai 1954, mtindo huohuo ulitumika kusambaza kadi na matangazo ya mikutano, kwa kuwa makatibu wa matawi hawakuwa na magari.

Mlima, hata hivyo, uliizuia baiskeli, na mpaka huo uliunda biashara nzima. Mgeta, juu ya Mlali, ina hali ya hewa ya baridi inayostawisha kabichi, karoti, viazi mviringo, njegere na hata matunda ya nchi za baridi, mazao yaliyoenea huko tangu zama za ukoloni na ambayo wakulima wa Kiluguru waliyafanya yao kabisa. Serikali ya Waingereza ilipoleta mpango wa kuhifadhi udongo wa Uluguru mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi, wananchi walipinga, na baada ya machafuko ya mwaka 1955 upande wa Matombo mpango huo uliachwa. Katika Mgeta matuta yaliendelea pale yalipoisaidia biashara ya mboga. Mboga hizo zilishuka kwanza kwa miguu: wanawake walizibeba kichwani katika vijia ambavyo gurudumu halikuweza kupita, hadi kwenye magulio, yaani masoko ya siku maalumu, ya vijiji vya chini. Hapo ndipo mchuuzi wa baiskeli alipozipokea. Ni lazima isemwe wazi kwamba faida haikugawanywa sawa, kwa kuwa aliyetembea mteremko wote na mzigo kichwani aliuza kwa bei ya kijijini, na aliyekuwa na magurudumu aliuza kwa bei ya mjini, na mwenye magurudumu karibu siku zote alikuwa mwanamume.

Ufungaji wa mzigo ulikuwa ujuzi kamili. Tenga, kapu kubwa la fito zilizosukwa, lilitandikwa majani ya migomba, nyanya mbichi zikawekwa chini na zilizoiva juu, kisha likafungwa kwenye keria kwa mikanda iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, ambayo huvutika na kukaza tena baada ya kila shimo, tofauti na kamba ya katani inayolegea. Mzigo ulipozidi, fundi aliongeza chuma pande zote mbili za uma wa mbele, akabadilisha spoku za nyuma kwa nene zaidi, na akarefusha keria kwa mbao. Fundi mwenyewe, chini ya mti wake, alikuwa na karai la maji la kutafutia tundu kwa kufuata mapovu, mafundo ya waya, na gololi zilizochaguliwa kutoka mashine zilizokufa. Bila yeye safari ya siku ingekuwa safari ya siku mbili.

Baada ya uhuru mahitaji yaliongezeka kuliko upatikanaji. Operesheni Vijiji ya miaka ya katikati ya 1970 iliwahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, na kwa wengi mashamba yao ya zamani yakabaki mbali, hivyo baiskeli ikawa chombo cha kwenda shambani. Kampuni ya umma ya NABICO, Dar es Salaam, ilitoa baiskeli za Swala, na baiskeli za Phoenix kutoka China zikawa za kawaida. Lakini baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikauka, bidhaa zikagawiwa kwa kibali kupitia makampuni ya biashara ya mikoa, na mpira mmoja wa nje ungeweza kusubiriwa kwa miezi. Watu walishona mipira iliyopasuka kwa waya, na baadhi ya baiskeli zilining'inizwa ukutani kungoja siku njema. Ulegezaji wa biashara ulioanza mwaka 1984 ndio uliozishusha.

Kufikia miaka hiyo barabara nayo ilikuwa imebadilika. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilihitaji njia ya bandarini isiyopita kusini, na barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam ikatiwa lami hatua kwa hatua hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lami iliongeza mwendo wa mpanda baiskeli na kumwondolea tope jeusi linaloganda kati ya gurudumu na madigadi, lakini ilimleta pia karibu na malori yenye matela, na tangu hapo sehemu kubwa ya ustadi wake imekuwa kusikia injini nyuma na kushuka ukingoni kabla honi haijapigwa. Wanaobeba mkaa kutoka misitu ya miombo ya kuelekea Melela ndio waliolipa gharama kubwa zaidi. Magunia mawili au matatu yakiwa yamesimama nyuma ya tandiko, mpanda baiskeli haoni nyuma, hawezi kushuka upesi, na kwenye kila mwinuko hulazimika kusukuma kwa mikono. Mkaa umekula misitu, na ni haki jambo hilo likasemwa. Ni haki pia kusema kwamba aliyeusukuma kwa siku nzima juani ndiye aliyepata sehemu ndogo kuliko wote walioushika.

Mwaka 2010 kanuni za kutoa leseni kwa pikipiki za abiria ziliidhinisha jambo lililokuwa tayari limeenea, yaani bodaboda. Pikipiki zilipanda Langali na Nyandira, mahali ambapo baiskeli haikuwahi kufanya kazi ya maana, na kwa mara ya kwanza gurudumu la bei nafuu likafika yalipo mashamba ya mboga yenyewe. Safari ya Mzumbe na Morogoro ikawa ya chini ya saa moja, mchuuzi akaweza kwenda na kurudi mara tatu kwa siku, na siku nzima ya njiani ikagawanyika kuwa vipande vya saa. Waliobaki kuiendesha siku hiyo kwa ukamilifu wake ni makundi mawili. La kwanza ni la wasio na mtaji wa pikipiki wala wa mafuta, ambao bado hutoka alfajiri na mkaa, kuni au maziwa. La pili ni dogo, la wanafunzi, wafanyakazi wa vyuo na wageni wenye baiskeli za gia nyingi, ambao siku ya mapumziko hutoka Morogoro kupitia Mindu hadi Mzumbe na Mlali, na wenye mapafu mazuri huendelea hadi Mgeta, kwa ajili ya mlima na hewa yake peke yake. Gia ndogo za baiskeli hizo zimewapandisha mteremko uliowashinda wachuuzi kwa zaidi ya nusu karne, na chini ya mteremko huohuo, Mlali, makundi hayo mawili hutumia fundi mmoja.